Sehemu ya Tatu, Baada ya Jibini

Jumatatu, Juni 3

Hatimaye. Mkurugenzi wetu, Bwana Delcambre, amenikabidhi Marekani. Si yote, asubuhi moja tu. Keshokutwa anatufikia hapa Paris Bwana Wendell Stroud, mwenye yadi za magari katika jimbo la Ohio. Akiridhika, gari letu dogo, Mésange, litavuka Atlantiki. Huko kampuni yetu ya Garancière haijauza hata tairi tangu kabla sijazaliwa.

Kipindi changu cha majaribio kinakwisha Ijumaa. Cha Maëlys Thouvenin vilevile. Nafasi ya kudumu ni moja. Mimi nina shahada ya uzamili ya chuo ambacho watu hupunguza sauti wanapokitaja. Yeye alisomea masoko huko Limoges. Sielewi kwa nini mkurugenzi humwita yeye "binti yangu" na mimi "wewe wa chuo".

Nimeanza hotuba papo hapo. Sehemu tatu, bila shaka, kama afanyavyo kila aliyepita katika shule zetu: hoja, kinyume cha hoja, upatanisho. Kwanza, Marekani inalihitaji gari letu. Pili, Marekani hailihitaji hata kidogo. Tatu, kwa hiyo inalihitaji zaidi. Mwalimu wetu wa falsafa alisema kwamba asiyeweza kujipinga mwenyewe hana hoja.

Jumanne, Juni 4

Sehemu ya pili imepita matarajio. Nimethibitisha kwamba Mésange ni dogo mno. Kwamba mafundi wa Ohio hawalijui. Kwamba vipuri vitachelewa. Kwamba Mmarekani mrefu atasafiri na magoti masikioni. Nilipomaliza kuisoma niliihurumia kampuni. Hiyo ndiyo alama ya kazi bora.

Maëlys alipita mezani kwangu akauliza hii slaidi ya "Sababu za Kutolinunua" ni ya nani. Nikamjibu kwa upole kwamba ni ya mgeni. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Kaka Corentin, mtu kaja kununua, wewe unamtoa mbio? Mtafutie pa kuweka kikombe, basi."

Hiyo ndiyo nadharia yake yote kuhusu Marekani: kikombe. Anadai kwamba wenzetu wale hunywa kahawa huku wakiendesha, na Mésange halina pa kuiweka. Nikamkumbusha kwamba gari ni la kusafiria na meza ni ya kunywea. Akasema hayo nimwambie Mmarekani mwenyewe. Wazo zuri. Nimeyaongeza kwenye sehemu ya pili. Slaidi nzima.

Mchana alikwenda kituo cha mafuta akarudi na kidude cha plastiki cha kuning'iniza mlangoni mwa gari, cha kushikia kikombe. Cheusi. Kibaya. Nilimwonea huruma.

Jumatano, Juni 5

Siku ya ushindi, ingawa sielewi vipengele vyake vyote.

Bwana Stroud aliwasili tukiwa bado tunazunguka ofisi kupeana mikono ya asubuhi. Mrefu. Tabasamu kwa kila mtu, hata kwa mlinzi, ambaye aliingiwa na wasiwasi. Mkononi kikombe cha kahawa kikubwa kama chungu cha maua. Akaingia nacho ndani ya Mésange. Akatafuta pa kukiweka, kushoto, kulia, chini ya usukani. Akakibana katikati ya mapaja. Akasema gari ni la ajabu, viti ni vya ajabu, harufu yenyewe ni ya ajabu. Siku nilipopata shahada, baba yangu alisema "si mbaya", na sote tukatokwa na machozi. Kwa kipimo hicho, Bwana Stroud alikuwa amekwisha kutia sahihi.

Kisha hotuba. Sehemu ya kwanza, alitazama dirishani kwa adabu. Sehemu ya pili, alitoa kalamu akaandika kila neno. Sijapata kuwa na msikilizaji wa namna hiyo. Kwenye slaidi ya kikombe akapiga meza kwa kiganja: "Ndugu yangu, umenitoa neno mdomoni." Mkurugenzi alikuwa ameshika paji la uso. Hisia, nadhani.

Saa sita na nusu. Tukaenda kula, maana hakuna mstaarabu anayezungumza biashara kabla ya jibini ya mwisho wa mlo, na sehemu ya tatu nilikuwa nimeipanga baada ya jibini. Ilipoletwa figili na siagi, mgeni alitazama saa. Alipoletwa bata, alisimama. Akasema ndege haimngojei mtu anayekula bata. Akanishika bega, akasema hajawahi kukutana na muuzaji mkweli kama mimi, na kwamba nimemwepusha na hasara kubwa.

Maëlys akajitolea kumpeleka uwanja wa ndege kwa Mésange. Kidude chake kilikuwa kimekwisha kuning'inizwa mlangoni.

Nilikula jibini na mkurugenzi. Hakuzungumza biashara. Hakuzungumza kabisa.

Alhamisi, Juni 6

Nimechanganyikiwa, lakini kwa matumaini.

Bwana Stroud ameandika. Anasema alitoka kwetu akiwa ameamua kukataa, kwa ushauri wangu. Lakini njiani kahawa yake haikumwagika hata tone, katika kona zote, na springi zile ni za kifalme. Anataka magari machache ya majaribio. Anataka pia Maëlys aende Ohio kuyatambulisha.

Ni dhahiri kilichotokea. Upatanisho ulijifanya wenyewe garini. Nilimweleza Maëlys kwamba ushindi ule ni wa mfumo wangu, yeye aliuendesha tu. Akavuta kiti, akakaa karibu nami.

"Sawa, kaka, chukua sifa zote. Ila kesho mzee akikuita, jibu kwa neno moja. Nakuomba. Neno moja tu, ukae kimya."

Anaogopa ushindani.

Ijumaa, Juni 7

Mkurugenzi aliniita. Uso wake ulikuwa wa huruma. Akasema Ohio imetufungulia mlango, hivyo nafasi sasa ni mbili.

"Haya, wewe wa chuo. Nina swali moja tu. Nikikuajiri, nitafaidika?"

Swali zuri. Swali la mtihani. Nikavuta pumzi. Sehemu ya kwanza: atafaidika, kwa sababu ya elimu yangu. Akatabasamu, akachukua kalamu ya kutilia sahihi. Sehemu ya pili: hatafaidika. Nikathibitisha kwamba mgeni wa kwanza niliyekabidhiwa aliondoka kabla ya jibini. Kwamba mwenzangu alilazimika kumrejesha. Kwamba nafanya kazi katika kampuni ya magari na sina leseni ya udereva. Hilo la mwisho hakuwa akilijua. Akarudisha kalamu mfukoni.

Ilikuwa saa sita na nusu. Akasimama, akanipa mkono, akasema nimemshawishi kabisa, akaenda kula.

Maëlys alinisindikiza hadi langoni akibeba sanduku langu. Akauliza kama nilijibu kwa neno moja. Nikamwambia nilijibu kikamilifu. Akafumba macho.

Ndani ya treni nimetafakari kosa lilikuwa wapi, na nimeliona. Sehemu ya pili ilikuwa fupi mno.

Jumanne nina usaili katika kiwanda cha matairi. Nimekwisha kuanza kuandika sababu zote za gari kutohitaji matairi.