Malisho ya Ndani ya Miwani

Jumatatu, 3 Februari 2025
Hospitalini Garissa. Joto! Mguu haujapona tangu lori linibwage Habaswein. Naandika Kiswahili ili Shuaib, jirani yangu wa kitanda asiyekijua, asisome. Leo Fowsiya, tabibu wa mazoezi, amenivika miwani kubwa nyeusi inayoonyesha picha kama uko mahali pengine. Subhanallah! Nyasi hadi magotini! Maji! Nikaenda nikiwatafuta ngamia wangu, maumivu nikayasahau. Kumbe nimezunguka chumba kizima bila kushika ukuta. Fowsiya akasema akili ikiacha kuogopa, mguu hufuata. Mimi niliwaza ngamia tu. Tangu kiangazi kianze sijasikia kengele zao.

Jumatano, 5 Februari
Shuaib, mfugaji wa Wajir, kauliza nimeona nini mle. Mfugaji gani humwonyesha mwenzake malisho? Nikamwambia ni mawe matupu na fisi. Akaingia yeye. Akatoka amekunja uso, akaapa kwamba fisi nusura wamle. Mwongo! Nilimsikia akipiga mluzi wa kunywesha mifugo.

Ijumaa, 7 Februari
Balaa. Fowsiya katusikia. Akasema picha ya kutisha wagonjwa haifai, akaiondoa. Sasa ndani ya miwani natembezwa barabara ya mjini. Magari! Honi! Mguu umeanza tena kuuma, nang'ang'ania ukuta. Jioni mke wangu Idil kapiga simu kutoka Kutulo, akauliza narudi lini. Nikasema karibuni, inshallah. Kisha nikajifunika shuka uso mzima. Nimewakumbuka mno, yeye na ngamia.

Jumatatu, 10 Februari
Habari njema! Yuko mpiga picha anayeweza kwenda kwetu, nipaone ndani ya miwani. Fowsiya anasema mgonjwa akiona kwao hupata moyo wa kutembea. Akauliza ngamia wangu wako wapi hasa. Kutulo! Neno lilishafika mdomoni. Lakini Shuaib alikuwa ametega sikio. Nikasema Dagahaley, kule kambini kwa wakimbizi.

Alhamisi, 13 Februari
Nimeonyeshwa Dagahaley. Foleni ya mgao, maduka ya mabati, mama wa sambusa. Simjui hata mmoja. Sikupiga hatua. Nililia waziwazi. Fowsiya akanishika bega, akasema pole mzee, nyumbani ni nyumbani. Akaongeza kwamba kesho mpiga picha anaelekea Kutulo, akauliza kama nina mtu huko. Shuaib akainua kichwa.

Nikajibu haraka kwamba Kutulo simjui mtu, tena ni ukame mtupu, asipoteze mafuta. Shuaib akalala tena, amenuna. Nimemweza!