Mashini ya Syntiche Inaomba Kujulishwa ku Rezo Yenu

Ruashi, siku ya Mungu, kisha misa

Kwako Papa Casimir, mukubwa wa mashini na wa rezo, ile njia ya waya yenye kuunga mashini zote, ku biro ya mu ville,

Mbele ya yote nakusalimia. Bwana yangu Léonard anakusalimia. Mugongo inamuuma, lakini anakula. Bibi Mwenya, mama ya bwana yangu, anakusalimia na anauliza kama weye njo ule anasemaka ku redio. Nilimuambia hapana. Anakusalimia paka vile. Fils, mutoto wa kwanza, anakusalimia. Princesse, wa mwisho, anakusalimia na mukate mu kinywa. Syntiche, wa katikati, hakusalimie, kwa sababu hajue kama niko naandika. Siye bote tuko bazima, paka roho yangu njo haiko muzima, na ile njo sababu ya barua hii.

Miye ni Albertine, mama ya Syntiche, ule binti wa staje, mwenye kujifunza kazi ku biro yenu. Juma yenye kupita alichomeka laptop yake, ile tulimununulia siye benyewe, ku waya ya rezo yenu ya ndani. Ulishuka ngazi, ukachomoa ile waya mbele ya bantu bote, kama vile banachomoa mwiba. Kisha ukamupa karatasi: ajibu kwa maandishi, sababu gani aliunga mashini ya kwake ku rezo ya kazi. Staje inaisha mwisho wa mwezi, na bakubwa batachagua nani atabaki. Ile karatasi ikikala mu dosie yake bila jibu, mutoto atarudia ku nyumba. Analia tu, haandike. Basi najibu miye. Masomo yangu iko kidogo, lakini ule mutoto namujua.

1. Mulipokea mutoto, mashini yake mukaikataa. Ku mulango mulinzi wenu anamuachilia apite na sakosi, na mwavuli, na sahani ya bukari na sombe. Muntu anaita mulimaji ku shamba, kisha anamukataza jembe? Mashini za biro hazitoshe bana ba staje. Syntiche anangojea zamu yake paka saa ya kufunga, kazi inabaki pale.

2. Unasema mashini ya kutoka inje inaweza kuleta virusi. Papa Casimir, ile neno ilinichoma. Nilizala batoto batatu, bote balipata chanjo. Mbuzi yetu pia ilipata. Ile mashini, Aaron wa ku sekretaria ya pale soko, kwenye banapigaka fotokopi, aliitia dawa. Hailalake inje. Kila asubui naipanguza na kitambaa cha maji kidogo, hapana mu matundu, siye hatuko bajinga. Padri aliinyunyizia maji ya baraka, na kifuniko kilikuwa kimefungwa.

3. Unasema haujue mashini ilipita wapi. Ungeniuliza. Inajua ku université, ku kanisa na ku nyumba yetu, basi. Flash yenye kuingia mule ni ya Fils tu, na Fils anaimba mu kwaya. Ni yake na ile ya kwaya yenyewe, juu ya nyimbo. Na ya kijana wa kuuza filme, lakini ule naye iko na mama, namujua.

4. Hapa njo panauma zaidi. Kosa ya Syntiche tunaikubali: aliingiza mashini mu nyumba ya bantu bila kuijulisha kwanza. Hata bibi-arusi, akiingia usiku bila kujulishwa, bakwe batamuangalia vibaya. Basi tutatengeneza. Jumamosi tutakuja: Léonard na koti yake ya ndoa, shangazi babili ba Syntiche, na jogoo moja. Léonard atasimama, aseme mashini inatoka wapi na ilikomaa namna gani. Rezo nayo ikuwe na bakubwa bake ba kujibu. Naomba mutupangie biti ya kuikalia.

5. Lakini mbele ya kutoa mashini yetu, siye pia tuko na haki ya kuuliza. Rezo yenu ni ya jamaa gani? Syntiche anarudiaka mangaribi anasema, Mama, leo rezo ilianguka. Kesho yake, ilianguka tena. Mbele ya ndoa bantu banaulizanaka kama mu jamaa muko ugonjwa wa kuanguka. Nyinyi muko nayo, hamukusema kitu. Sasa nani anapashwa kumuogopa mwenzake? Kwa hiyo naomba waya irudie mu laptop, ile karatasi ipasuliwe, na rezo yenu ipelekwe kwa Aaron, naye aitie dawa.

Unisalimie madamu, batoto, mulinzi wa ku mulango, na ile mashini yenu kubwa yenye kukala peke yake mu chumba ya baridi. Syntiche alinielezea habari yake, na naihurumia.

Na heshima,
Albertine, mama ya Syntiche

N.B. Papa Casimir, mbele ya kufunga bahasha, jirani yangu Sofia aliingia na beseni ya samaki. Frigo yake ilikufa, anaomba aweke samaki mu yangu, mule natunza samaki zangu za kuuza, za kutoka Kasenga. Nikakataa. Akasema, "Mama Albertine, samaki yangu iko safi, niliiosha miye mwenyewe." Nikamujibu, "Sofia, weye nakujua. Samaki yako siijue. Moja ikiwa na harufu, kesho yote inaoza." Syntiche alikuwa pale anachagua maharagi. Alicheka paka maharagi ikamwangika. Akasema, "Mama, Papa Casimir aliniambia paka hivyo."

Ni mara ya kwanza anacheka tangu ile siku. Alichukua kalamu, na jibu yake ya kweli, ya mustari moja, iko mu bahasha hii: nilikosa, sitarudilia. Kwa hiyo usiguse waya. Lakini Sofia sikumuacha aende mikono mitupu. Nilimupa glasiere yangu ya zamani, ile sanduku ya kutunza baridi, na barafu, aweke samaki zake kando. Nawe umutafutie Syntiche mashini ya kwenu, hata ile yenye kuchoka.

Jogoo tutaleta paka vile. Tuma neno upesi, juu iko mufungwa ku muguu wa meza, na bibi Mwenya alishaanza kutafuta jina ya kumupa.