Kuhusu Kutua Kwangu Juu ya Michembe ya Mama Mkwe

Mabatini, Mwanza
Agosti, 1994

Kwa Baba Mkwe, Mzee Luhende, Igoma.

Hapana baba, sikuwa nimelewa. Shikamoo. Nimeanza na jibu kwa sababu shemeji Kija alinifikishia swali lako mbele ya watu, hapa hapa ninapouza mitumba, na wateja wakarudisha mashati waliyokuwa wameshayapenda.

Kwa heshima zote naomba mke wangu Evelina arudi nyumbani. Alikuja kwenu kumsaidia mama yake kukata na kuanika viazi vya michembe. Viazi vimeshakauka, na bado naambiwa hatoki mpaka nieleze nilikuwa natafuta nini angani. Nimekaa, nimefikiri, nikaona mwenye malalamiko hasa ni mimi. Nayapanga kwa namba ili yasikuchoshe.

1. Watu wanasema natumia ungo. Baba, ungo unarukwa usiku na mtu yuko uchi. Mimi niliruka mchana, nimevaa suruali ya kadeti na kofia ya pikipiki. Ule ni mwavuli, ndugu yake ule wa askari wa miavuli, ila huu umekaa kama ndizi. Sikuurithi kwa bibi yangu. Lile lori la wazungu wanaozunguka Afrika lilipopita hapa, mpishi wao aliugua, nikawaambia mimi ni mpishi. Mpaka tunafika Namibia walikuwa wameshazoea. Kule jangwa linakuja, linakuja, halafu linaingia baharini hivyo hivyo, mchanga huku, maji huku. Kuna mama mmoja wa Kijerumani, magoti yote mabovu, anafundisha watu kuruka kutoka kwenye vilima vya mchanga. Nikampikia chapati, akanifundisha. Lugha hatuelewani, kwa hiyo somo lilikuwa kuonyeshwa kwa mikono na kusukumwa. Siku ya kwanza nilikula mchanga. Ya pili nikala mchanga. Baadaye nikakimbia, nikashtukia nakimbia hewani, na kivuli changu kiko chini kinahangaika peke yake. Ungekuwepo baba ungecheka. Tulipoagana akanipa mwavuli wake wa zamani, wenye viraka.

2. Nalaumiwa kwamba sikuukwepa uwanja wako. Nilijifunzia mahali pasipo na mti, pasipo na mbuzi, pasipo na mkwe. Somo la kukwepa wakwe halikuwepo. Halafu kuna suala la bati. Palipo na joto, hewa inapanda na kumbeba mtu. Sasa Igoma yote nani ana bati linalong'aa kama lako? Ungebaki na nyasi, mimi ningepita zangu nikatue kwa amani kwenye pamba za watu. Bati lako likaninyanyua, likanizungusha, likaniachia uani. Tangu waseme ruksa kila mtu anaezeka tu, haangalii nani anapita juu.

3. Sasa lile kubwa. Najua mkwe hatakiwi hata kukutana na mama mkwe njiani. Miaka yote hii nikimwona naingia kwenye mihogo, mpaka wenye mihogo wamenizoea. Ni kweli mwavuli ulitufunika mimi na yeye, kitambaa kimoja. Hilo silikatai, mashahidi ni wengi na wengine walileta viti. Lakini mimi nilifumba macho tangu naruka kutoka kwenye jiwe la mlimani mpaka naburutwa kutoka mle ndani. Sikuona mama, sikuona michembe, sikuona Igoma. Ila nilimsikia akisema, na ndiyo mara yake ya kwanza kunisemesha tangu nimwoe binti yake, "Mhoja, umekalia michembe." Alinijuaje, baba? Maana yake yeye macho yalikuwa wazi.

4. Kwa hiyo, kama adhabu ya kufunikwa pamoja ni mke kukaa kwao, haki iende pande zote. Mama mkwe naye arudi kwao Magu. Tubaki mimi na wewe, kila mtu asonge ugali wake, tuone nani atamfuata mkewe kwanza.

5. Hasira nyingine si zangu, ni za yule ng'ombe wako mtamba mwenye baka jeupe aliyepotea kabla sijaanguka. Naomba tutenganishwe, mimi na mtamba.

Nyumba hii imekuwa kubwa, baba. Nikimdanganya mteja Evelina huwa anacheka nyuma ya pazia. Sasa nadanganya, na pazia limekaa kimya.

Nisalimie shemeji Kija, majirani wote walioleta viti, na mama mkwe umsalimie ukiwa mbali kidogo, kwa niaba yangu.

Mimi mkweo, ambaye kwa sasa natembea chini kama watu,
Mhoja

N.B. Nimekumbuka jambo. Mtamba wako nimemwona. Yuko hai, amefungwa nyuma ya uzio wa minyaa kwa jirani yako mmoja. Ukiwa barabarani humwoni, ukiwa juu anaonekana mpaka baka. Jirani simtaji kwanza. Tufanye hivi: Jumamosi, upepo wa ziwa ukianza, Evelina asimame uani amevaa kile kitenge cha njano. Safari ile nilikilenga hicho hicho, na nilikipata barabara. Sikujua mama alikuwa amekiazima. Nikiondoka naye, nakutajia jirani. Mama akae ndani, na michembe muianue.