Kilo Zilizokwenda Nyamira

Jumatatu, 9 Juni

Kazi imeanza, Christabel hayuko! Wiki nzima ya mafunzo tulikaa meza moja. Leo Bwana Ogola, msimamizi wetu, katugawa: mimi nipime watu Kisii mjini, yeye apime Nyamira. Tena na Masese! Masese yule wa kujipaka mafuta kichwani hadi kola inang'aa. Wakubwa wanataka kujua ni mji upi una wanene wa kupindukia wengi zaidi. Mimi nataka kujua Christabel amekula nini mchana. Siku ya mazoezi alinizungushia utepe kiunoni, akaniambia nipumue kawaida, niache kuvuta tumbo ndani. Ningewezaje?

Jumatano, 11 Juni

Sokoni. Kanuni ni rahisi. Mtu avue viatu na koti, apande mizani, nipunguze kilo moja ya nguo, kisha nipime urefu na kiuno. Kilo unazigawanya kwa urefu mara urefu, kwa mita. Jibu likifika thelathini, huyo kapindukia. Nikampima mama mmoja mtu mzima, omong'ina Nyakerario, muuza ndizi. Nilipoitaja ile kilo ya kupunguza, weee! Akasema karani anayempimia majani chai kule kwao Nyamache humkata kilo za gunia kila siku, sasa na mimi nimekuja kumkata mwilini? Kina mama wote wa ndizi wakaja juu. Nikairudisha kilo. Wakanipigia makofi, na mmoja akaomba apimwe tena pamoja na kikapu.

Hapo akili ikanijia. Kisii ikinenepa mno, Ogola hataamini. Asipoamini, atatukusanya sote hapa tupime upya. Christabel atarudi! Mungu si Athumani.

Alhamisi, 12 Juni

Simkati mtu kilo. Simvui mtu koti. Viatu wanabaki navyo kwenye mizani, wanavivua kwenye ubao wa urefu. Bibi mmoja kapanda na mjukuu mgongoni, nikaandika kilo zote. Samahani, bibi. Habari imeenea kwamba mizani yangu haiibi, na foleni imefika barabarani.

Jioni nikampigia Christabel, eti kuulizia mizani yake. Masese akapokea! Akasema Christabel anapima, ana mikono miwili tu. Mjinga huyo. Kwa mbali nikamsikia Christabel akimwambia mtu apumue kawaida. Kumbe huwaambia wote. Roho imeniuma, lakini sikukata simu. Aliyekata ni Masese.

Jumamosi, 14 Juni

Sabato, hakuna kupima. Kanisani wengine waliombea wagonjwa. Mimi niliomba kilo. Mama kalalamika nimekonda. Nikajipima. Kweli, kilo mbili zimekwenda. Najua zilikokwenda. Ziko Nyamira.

Jumatatu, 16 Juni

Ogola kaniita. Wanene wa Kisii wamewapita wa Nyamira mara tatu! Akasema miji jirani kama hii haiwezi kuachana hivyo. Ama mizani ni mbovu, ama mpimaji. Nikapendekeza kwa unyenyekevu kwamba sote tukae mji mmoja. Akakataa katakata. Mizani ya kila mji ibaki palepale, wapimaji wabadilishane. Unene ukimfuata mpimaji, basi mbovu ni yeye. Kwa hiyo kesho Christabel anakuja Kisii. Mimi naenda Nyamira. Masese habadilishwi, kazi yake ni kushika ubao tu. Atanishikia mimi!

Jumanne, 17 Juni

Tumepishana njiani, gari lake likiteremka, langu likipanda. Alinipungia mkono. Au alikuwa anafuta kioo. Nimegeuka kutazama hadi shingo ikauma.

Masese kanipokea na habari. Akasema Christabel alikuwa akiniulizia kila siku. Kazi ingeisha Ijumaa hii, naye alikuwa amepanga kushuka Kisii ili tule chakula pamoja, yeye na mimi. Wawili tu! Lakini mpumbavu fulani wa Kisii kaharibu hesabu, na sasa wote wameongezewa wiki mbili. Akaniuliza kama namjua. Nikasema simjui.

Nimekaa kwenye kiti alichokalia. Utepe wake bado uko mezani. Nimejizungushia kiunoni, nikapumua kawaida. Haikuwa kama siku ile.

Lakini sikati tamaa. Kuanzia kesho, Nyamira, simvui mtu koti. Mji huu utanenepa hadi Ogola ashike kichwa, na itambidi atubadilishe tena. Mimi nitarudishwa Kisii. Na Christabel yuko Kisii!