Kiuno cha Mwalimu

Jumatatu, 4 Machi
Maafa! Binamu, mkata vitambaa wetu, ameingia kwenye programu yangu ya vipimo vya wateja na kumwandikia mteja wetu, Mwalimu, kiuno cha inchi 3. Tatu! Hata chupa ya soda imemzidi. Anasema kidole kiliteleza, na kwani nani alimkataza? Kweli, hakuna. Klasi yangu ya Mteja, yaani kiolezo ndani ya programu kinachoshika vipimo vya kila mteja, niliiacha wazi kama stendi, kila apitaye anashika anachotaka. Shangazi, fundi na mwenye cherehani, ameipa programu hadi Ijumaa. Ikimwaibisha, anarudia daftari lake. Daftari! Lenye madoa ya mafuta ya cherehani!

Jumanne, 5 Machi
Nimeifunga klasi. Vipimo vyote viko ndani, havigusiki. Mteja anapimwa siku ya kuandikishwa, basi. Mwalimu nimemrudishia inchi 34 alizopimwa Novemba. Binamu kajaribu kubadilisha, kakataliwa. Kaniuliza kama na choo nimekifunga. Wivu.

Jumatano, 6 Machi
Mwalimu amekuja kujaribu gauni la mahafali ya Jumamosi. Zipu imegoma katikati ya mgongo. Ana mimba ya miezi saba! Hakuna aliyeniambia! Binamu anadai lile tumbo limekuwa likitangulia mlangoni tangu mwezi jana. Shangazi akaomba niandike kiuno kipya. Sikuweza. Sikuacha njia ya kukibadilisha. Nikamweleza uzuri wa muundo uliofungwa. Akaniuliza, mwanangu, watu wananenepa, au hii programu yako inashonea sanamu?

Alhamisi, 7 Machi
Nimeacha njia moja, yenye mlinzi: kiuno kikibadilika zaidi ya inchi mbili, kinakataliwa. Hapo Binamu hapiti! Mwalimu ameongezeka tisa. Programu ikajibu: "Hiki si kipimo cha binadamu." Akaisoma kwa sauti ya darasani. Akacheka mpaka akashika tumbo. Binamu naye alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Ijumaa, 8 Machi
Shangazi amechukua futi yake, akapima, akaandika daftarini, akaongeza vipande ubavuni. Gauni limemkaa Mwalimu kama alizaliwa nalo. Mimi nimeshindwa. Shangazi hakunigombeza. Aliniletea chai, akasema nina akili nyingi mno, nipumzike.

Nipumzike vipi? Kosa nimeliona: Mwalimu alikuwa kwenye klasi isiyo yake! Nimeandika mpya, Mjamzito, inayorithi kila kitu cha Mteja. Mtoto nimemweka ndani, faragha kabisa. Hagusiki, hasa na Binamu. Njia ya kumtoa sijaandika. Sioni haraka.