Siku Fundi Kaputula Alipoiteka Baiskeli ya Mlimani

Jumamosi, tarehe tatu Mei. Asubuhi kulikuwa na ukungu mzito na manyunyu mepesi, na ilipokaribia saa tatu jua likautawanya ukungu wote kama jeshi lililoishiwa mishale.

Sogeeni, enyi mliokaa na enyi mliosimama mlangoni! Zimeni redio, vuteni viti, mwenye kukohoa akohoe sasa amalize, kwa maana yanayosimuliwa hapa ni makubwa. Ee Mola, uliyempimia kila mja miguu yake kabla hajazaliwa, unyooshe ulimi unaosimulia, usiongeze wala usipunguze. Tunavitaja vita vya Fundi Kaputula, Simba wa Cherehani, Mtikisa Mkasi, aliyezivisha sare shule nzima nzima, siku ile alipotoka kwenda kuchagua baiskeli ya mlimani, na fremu yake, na saizi ya fremu hiyo.

Chanzo cha vita kilikuwa hiki. Binti yake wa pekee aliolewa ng'ambo ya kilima, na huko akajaliwa mtoto wa kike. Njia ya kilima kile ni mawe, mizizi na makorongo; gari halipiti, na pikipiki hupita ikilalamika. Fundi akifunga duka jioni na kupanda kwa miguu, alifika mtoto amekwisha lala. Jumapili moja alimkuta macho. Mtoto akamtazama babu yake, akakunja uso, akaangua kilio kama aliyemwona mwizi dirishani. Kilio kile kilimchoma fundi kuliko sindano yoyote iliyowahi kumwingia kidoleni. Akalipeleka jambo hilo kwenye maombi, asubuhi na jioni, na alipomaliza kuomba aliiuza cherehani yake ya pili, kwa kuwa alitambua kwamba maombi mengine yanahitaji magurudumu. Cherehani ya tatu hakuwa nayo. Akikosea kuchagua, mtoto yule angekua akimjua babu yake kama mgeni wa Jumapili.

Basi alfajiri ile, baada ya sala, alisimama mbele ya kioo akajipima mguu wa ndani, tangu mapajani hadi kisigino, kwa futi ileile ya kitambaa iliyowapima watoto wa shule miaka nenda miaka rudi. Akaikariri namba. Akavaa suruali yake, ambayo kama kawaida ilimwagika juu ya viatu kama pazia la ukumbini, akatoka kwenda vitani.

Nyuma yake walifuata wawili. Wa kwanza mkewe, Malkia wa Vifungo, aliyeketi naye bega kwa bega dukani tangu wakiwa wachumba. Wa pili shemeji yake, kaka wa mkewe, dereva wa lori, mtu ambaye hajapata kuona kitu kikubwa akasema kinatosha.

Duka la baiskeli lilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya mpira mpya na grisi. Matairi yalipangwa kama mnara hadi karibu na dari, na sakafuni palitandikwa zulia dogo ambapo mteja husimama kujaribu. Mwenye duka, Mama Gia, alikuwa na bisibisi mkononi na penseli nyuma ya sikio. Baiskeli za mlimani zilibaki mbili. Moja ilikuwa kubwa, nyeusi, usukani wake kama pembe za nyati. Ya pili ilikuwa ndogo, rangi ya papai lililoiva, imesimama pembeni kwa adabu kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti.

"Karibuni. Nani anaendesha?"

Fundi akapiga hatua mbele, akakiinua kidevu. "Ni mimi, mama. Natafuta mnyama atakayenipandisha kilima na kunishusha nikiwa mzima. Nimejipima kwa mkono wangu, na mkono huu haujawahi kukosea suruali. Mguu wangu wa ndani ni inchi thelathini na tatu!"

Mama Gia akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. Haikuwa safari ndefu.

"Thelathini na tatu? Huo mguu umeuacha nyumbani?"

"Mama, usimdharau shemeji yangu," dereva akaingilia. "Mpe hiyo nyeusi. Mtu mzima anapanda chombo kizito. Ile ya papai ni ya binti wa shule."

"Magurudumu ya zote mbili ni sawa, kaka. Kinachotofautiana ni fremu. Kiti nitakipandisha na kukishusha unavyotaka, lakini fremu siwezi kuipunguza."

"Mimi hupunguza chochote," fundi akasema.

"Hii si suruali, fundi. Na nikishaitoa mlangoni ikagusa tope, hairudi tena humu ndani. Jaribu kwanza hapa kwenye zulia."

Ndipo Mtikisa Mkasi alipolitaja jina la Mungu wake, akayakamata mapembe ya nyati kwa mikono miwili, akautupa mguu wa kulia juu. Mguu ukapaa. Ukapaa tena. Ukafika juu ya kiti ukaduwaa, maana pindo la suruali lilinasa kwenye ncha yake, na shujaa akabaki amesimama kwa kidole gumba cha mguu wa kushoto, akizunguka taratibu kama feni inayozimwa. Akajikaza. Akajivuta. Akavuka! Lakini alipovuka, ardhi haikuwepo pale alipoitarajia. Vidole vikaitafuta sakafu kama mkono unaotafuta swichi gizani, visiipate; na lile bomba la juu, linalotoka chini ya kiti hadi usukani, likampokea mahali ambapo mwanahistoria mwenye adabu hapataji.

Fundi hakupiga kelele. Chozi moja tu likamshuka shavuni, limenyooka kama mshono.

"Imekukaa!" dereva akanguruma. "Unaonekana kama jenerali!"

"Shemeji," jenerali akasema kwa sauti nyembamba, "nishusheni."

"Mshusheni upesi," Mama Gia akasema. "Huko juu hapumui."

Wakamshusha, mkewe akimshika kiuno, dereva akiilaza baiskeli, Mama Gia akiunasua upindo. Alipopata pumzi, shujaa alisema maneno ambayo yangeweza kuuangamiza utawala wake wote: "Funga nyeusi. Namba ni namba. Nimepima mimi."

"Lete futi," mkewe akasema.

Akapiga goti kwenye zulia, akapima. "Ishirini na nane."

"Haiwezekani. Rudia."

"Nimerudia. Ishirini na nane, na hapo nimekuhurumia. Hebu jipime mwenyewe nikuone."

Fundi akaishika futi. Mkono wake ukateremka mguuni kwa wepesi wa kazi, jicho likaisoma namba, na midomo ikanong'ona jinsi inavyonong'ona kila siku mbele ya foleni ya wazazi: "Ishirini na nane, mbili za pindo, tatu za kukua. Thelathini na tatu."

Nje kengele ya baiskeli ililia ikapita.

"Tatu za nini?" Mama Gia akauliza.

"Za kukua," fundi akajibu, kwa sababu tangu aanze kazi hakuna mzazi aliyewahi kumwambia vinginevyo. Wote humwambia: mwachie nafasi, fundi, mwakani suruali itamtosha.

"Baba," mkewe akasema kwa upole wa kutisha, "una mjukuu. Unakua lini tena?"

Dereva akacheka hadi akaushika mnara wa matairi ili asianguke, na mnara ukaanguka pamoja naye. Huyo ndiye majeruhi pekee wa vita hivi. Walimwona mkono mmoja tu, umetokeza katikati ya tairi, ukitikisika kwa kicheko.

Fundi hakucheka. Aliitazama suruali yake ilivyolundikana juu ya viatu, akaona kwamba maisha yake yote amemshonea mtu mrefu kidogo ambaye hakuja. Kisha akasimama katikati ya zulia, akauinua mkono wake wenye vumbi la chaki, akahutubia:

"Sikilizeni, mliopo na mliolala chini ya matairi! Watoto wa watu nimewaachia nafasi, na ni haki yao. Lakini mimi Mola alinipima, akanikata, akanishona, akamaliza na uzi akaukata. Hakuacha kitambaa cha kukunjua, nami ni nani nimdai? Leteni ile ya papai!"

"Shemeji," sauti ikatoka ndani ya matairi, "watu watakuona."

"Wanione. Ninayetaka anione ana meno mawili tu."

Ikaletwa. Akaivuka kama mtu anayevuka kizingiti cha nyumba yake, na nyayo zote mbili, kisigino kwa kidole, zikatua zuliani. Mama Gia akainama kutazama.

"Kati ya bomba na wewe lazima vipite vidole vinne. Dada, weka vyako, mume ni wako."

Malkia wa Vifungo akaweka. Vikapita bila kubisha hodi. Mama Gia akakipandisha kiti mpaka kisigino kikakanyaga pedali ya chini na goti likanyooka. Akamwambia ashike usukani, na viwiko vikakunjika kidogo, kama vya mtu anayesukuma kitambaa chini ya sindano. Fundi akafumba macho akashukuru.

Jioni ileile akakishambulia kilima. Palipokuwa na mawe alishusha gia. Palipokuwa na mizizi alisimama juu ya pedali. Kwenye korongo alishuka, akaibeba begani kidogo, na mwandishi wa habari hizi hataki kulificha hilo. Alipoingia uani kwa binti yake, jua lilikuwa bado liko juu ya paa. Mkwe wake alikuwa akifua nepi. Binti alikuwa mkekani na mtoto, na mtoto alikuwa macho.

"Baba! Mapema hivi? Na hiyo baiskeli ya nani?"

"Yangu."

"Mbona imekutosha hivyo!"

Mtoto akageuka. Akamtazama babu, akakunja uso, na watu wazima wote wakaacha kupumua. Kisha akanyoosha mkono, akalikamata sikio la Simba wa Cherehani, akalivuta kwa nguvu zake zote, akacheka. Vizazi vijavyo na vijue kwamba siku hiyo kilima kilisalimu amri.

Fundi akampakata, sikio lake likiwa bado mikononi mwa mshindi, akasema kwa sauti iliyowafikia binti, mkwe na jirani aliyesimama ukutani:

"Mjukuu wangu, hawa wote ni mashahidi. Kuanzia leo, kila jioni nitafika ukiwa macho. Mvua ikininyeshea nitafika nimelowa, tairi likipasuka nitafika nikiisukuma baiskeli, lakini nitafika, na utanijua."