Sinema ya Maiti Uani kwa Bi Tabu

Jumatano, 23 Oktoba 1974

Mwalimu Anjelina wa kisomo cha watu wazima amesema tuandike kila siku, mstari mmoja au miwili, mkono usisahau. Mstari mmoja! Mie nina maneno ya uzee mzima mdomoni, ananipa mstari mmoja. Binti mwenyewe juzi tu kavunja ungo.

Haya. Niko Tandika, nyumba yangu mwenyewe, bati jipya upande wa mbele. Vyumba vingi, watu wawili. Mwanangu Jamali kahamia kijiji cha ujamaa huko Rufiji. Kachukua mke, watoto na kinu. Kinu changu! Nimebaki na mpangaji, Revelian, kijana wa Bukoba, anayeendesha mashine ya sinema mjini. Anarudi nimeshalala. Huyo si mpangaji, ni mlango unaolia tu.

Jirani yangu Mwanaasha amenuna tangu Idi. Tulikuwaga tunakaa barazani kwangu kila jioni, tangu waume zetu wako hai, tunawasema watu. Siku ya Idi nikamwambia mbele ya wakwe zake kwamba pilau lake limerojeka, limekuwa bokoboko. Nimekosea nini? Lilikuwa bokoboko. Sasa jioni yeye kwake, mie kwangu, ua wa makuti katikati. Simkumbuki hata kidogo. Ila baraza hili, sikujua kama ni refu hivi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Revelian leo hana kazi. Kaniamkia shikamoo, kisha kaniletea habari. Anasema mwisho wa mwezi huu Wazungu wana sikukuu yao ya mizimu. Wanavaa vinyago, wanakaa gizani wanaangalia sinema za zamani za kutisha, na wanafurahi. Kazini kwao sinema hizo zimetolewa stoo kwa ajili ya Wazungu wa Oysterbay, na bwana mkubwa wake kamruhusu kuazima siku yake ya mapumziko. Nikamuuliza, hao watu hawana makaburi ya kufagia? Sie marehemu wetu tunawasomea hitima, tunakula wali, tunakwenda zetu. Wao wanawatengenezea sinema? Akacheka. Akasema leo baada ya isha ataonyesha mtaani, bure, jenereta kaazima.

Nikafurahi. Nikachukua ufagio. Ndipo akasema ataonyesha kwenye ukuta wa Bi Mwanaasha, maana umepakwa chokaa, mweupe pe.

Mpangaji wangu! Anakunywa maji ya mtungi wangu!

Sikwenda. Niliweka kigoda penye ua kwa ajili ya upepo. Kwenye tundu la makuti sinema yote niliona mshumaa tu, na sikio la mtu. Mtaa mzima ulipiga ukelele, ukacheka, ukapiga ukelele tena. Mwanaasha anacheka kama mbuzi, namjua. Alikuwa hapo hapo, upande wa pili wa makuti. Ningenyoosha mkono ningemfinya.

Shingo inauma.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimepata akili. Leo bombani, foleni ndefu, nikaanza kuhuzunika kwa sauti. Wakaniuliza Bi Tabu una nini. Nikasema mie sina, namwonea huruma Mwanaasha. Ukuta uliokaliwa na maiti hauachi kumtazama mwenye nyumba. Nani sasa atakwenda kukaa uani kwa mtu mwenye ukuta kama ule? Nikajitwika ndoo, nikaondoka kwa huzuni. Nilijisifu njia nzima.

Jioni uani kwa Mwanaasha watu wamejaa! Wamekwenda kuuona ukuta! Mmoja kasema kaona jicho. Wa pili kasema yapo mawili. Mama mmoja kabandua chokaa akaifunga kwenye pindo la kanga, ati dawa ya mtoto anayeweweseka. Basi kila mtu akabandua. Mwanaasha anapita katikati yao kama mke wa diwani, anawaambia msukumane taratibu.

Watu wa Tandika hawana akili. Nimekula mihogo peke yangu, imepoa.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mungu si Athumani! Ukuta wa Mwanaasha umebanduliwa hadi udongo. Umekuwa na mabaka kama fisi. Revelian anasema hauonyeshi kitu tena. Nikamwambia vizuri sana, Alhamisi sinema uani kwangu, na akikataa godoro lake litalala njiani. Akasema hakatai, ila ukuta wangu una rangi ya ugali wa mtama. Panahitajika kitambaa cheupe, kipana.

Nimekwenda duka la ushirika. Hakuna shuka, hakuna kitambaa cha marekani, hata leso ya makamasi hakuna. Muuzaji kasema nirudi mwezi ujao, bila kuinua uso. Nikamwambia na wewe rudi kwenu ukafundishwe adabu.

Kitambaa cheupe ninacho. Kiko chini ya sanduku, ndani ya mfuko, pamoja na karafuu maiti na chupa ya marashi. Sanda yangu. Nilijinunulia mapema, zamani nguo zilipokuwa zinapatikana, nisije nikazikwa na pazia la mtu. Kitambaa kizuri, kizito, hakijaguswa.

Nimekaa kitandani nikakitazama. Nikajiambia, Tabu, kitu hiki kinakungoja bure. Siku utakayokivaa watu watajaa humu ndani, na Mwanaasha atakuja, atakaa siku zote za matanga, atakula na kusaza, na wewe hutamwona. Afadhali aje sasa.

Ni vipande virefu, vyembamba. Nimeviunga kwa uzi, mshono mkubwa mkubwa. Revelian kauliza nimekipata wapi. Nimemwambia asiulize wazee maswali.

Alhamisi, 31 Oktoba

Leo mwalimu anisamehe, mstari mmoja hautoshi.

Tangu alasiri nilifagia. Nikatandika mbele kabisa mkeka wangu wa ukindu, ule wa rangi. Kila aliyetaka kuukalia nikamwambia una mwenyewe. Nani? Ana jina lake. Baada ya isha watu wakajaa hadi njiani. Uani kwangu! Mara ya mwisho walijaa hivyo siku ya matanga ya mume wangu.

Mwanaasha kaja. Kasimama nyuma, kajitanda kanga hadi puani, kama mpita njia. Salamu hakutoa. Nami sikutoa. Nikausogeza mkeka kidogo upande wake. Hakuuona. Nikausogeza tena. Waliokaa mbele wakalalamika kwamba nawasukuma.

Sinema yenyewe ni hivi. Mzungu kafa. Wamemtia kwenye sanduku na koti lake, tai yake, na kiatu kimoja. Cha pili ndugu wamekisahau. Basi anafufuka, anakwenda nyumba hadi nyumba kukitafuta, ko, pwa, ko, pwa, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna. Watu wanajificha nyuma ya migongo ya wenzao, mie nashangaa. Mtu umemvisha kiatu, sanduku umelitia bawaba, unategemea atulie? Sie hatumvishi mtu kiatu, wetu wamelala. Nilisema hayo kwa sauti, wafaidike. Wakaniambia ninyamaze. Kwangu!

Ndipo upepo ukageuka. Kitambaa kikavimba, maiti akawa kama anavuta pumzi. Na harufu ikaja. Karafuu maiti. Hakuna mtu mtaa huu asiyeijua, wote tumeshaosha au tumeshazika.

Mama mmoja kauliza jamani mnasikia? Mwingine kasema ananukia! Yule wa kwenye shuka ananukia! Mzee mmoja kakumbusha kwamba leo ni usiku wa kuamkia Ijumaa, marehemu wanazuru kwao. Wiki iliyopita pia ilikuwa usiku wa Ijumaa, hakuna aliyekumbuka. Leo wote wamekuwa masheikh! Wameondoka na ua wangu wa nyuma, makuti na nguzo. Wa kwanza kuruka alikuwa Revelian. Si Mwislamu, lakini pua ni pua. Viatu vimebaki uani kama mlangoni mwa msikiti.

Mashine ikaendelea peke yake. Maiti anatafuta kiatu, na watu wamemwachia vyote hivyo.

Mwanaasha hakukimbia. Kaja moja kwa moja hadi kwenye kitambaa. Kakishika, kakisugua kwa vidole, kakinusa. Kaniuliza Tabu, hii si sanda yako? Ile tuliyonunua pamoja kwa Mhindi, jora moja, na yake iko sandukuni? Kashika pindo, kaona uzi. Hapo ndipo alipowaka! Kutundika nimetundika, lakini kuishona! Sanda inashonwa? Ningekufa kesho yeye anivishe gauni, anitie na vifungo? Nikamjibu kesho sifi, nina nguo za kufua. Kasema kichwa changu kigumu hata Izraili atakuja na mtarimbo.

Nilitamani aendelee. Hajanitukana vizuri hivyo tangu Idi.

Kisha akakaa. Mkekani. Nami nikakaa. Tukaangalia. Maiti aliposukuma mlango, Mwanaasha kanishika mkono akanizamisha kucha, kapiga ukelele. Alama zipo hadi sasa. Mwishoni kiatu alikuwa nacho mbwa, muda wote huo, chini ya kitanda! Tulicheka hadi machozi. Mkanda ukaisha, mashine ikabaki inapiga ta-ta-ta, kitambaa cheupe kinawaka. Hakuna aliyejua kuizima. Hakuna aliyesema anaondoka.

Ijumaa, 1 Novemba

Kaja asubuhi na sindano yake, bila hodi, kama zamani. Tumekaa barazani tunafumua mshono wa sanda, yeye upande huu, mie ule. Chai tumekunywa bila sukari, sukari hakuna. Tumemsema muuzaji wa duka la ushirika. Tumemsema mwalimu Anjelina. Tumemsema Jamali na kinu. Baraza lilikuwa kiasi chake tu.

Kisha Mwanaasha kachomeka sindano kwenye kitambaa. Kasema shoga, yeye hana kinyongo, ila wakwe zake hadi leo wanamcheka. Nimwambie neno moja tu juu ya lile pilau, yaishe.

Neno nilikuwa nalo. Naapa. Nilikuwa nimelipanga tangu nilipoamka, nimelisema mara nyingi msalani. Nikafungua mdomo. Likatoka lingine. Nikasema lilikuwa bokoboko, lakini bokoboko tamu.

Si nimemsifu? Nimesema tamu!

Kachomoa sindano yake. Kajifunga kanga kiunoni. Kaenda. Sanda imebaki nusu imefumuliwa, nusu imeshonwa, juu ya magoti yangu. Wapita njia wanapita upande wa pili wa barabara.

Jumapili, 3 Novemba

Revelian kahamia Ubungo kwa rafiki yake. Anasema kila akilala anasikia karafuu maiti. Nimemwambia aende, mlango ule ulikuwa unanipigia kelele. Usiku wa jana sikulala, mlango haukulia.

Nimefikiri sana na nimeona kosa liko wapi. Liko kwa Mwanaasha. Mtu anayesifiwa akakasirika ana kasoro. Lakini mie ni mtu mzima, nitamrahisishia. Nimeamua kuumwa. Mtu hawezi kumnunia mgonjwa, itabidi aje.

Nimelala tangu alfajiri. Nimejifunika hadi kidevuni, nimejifunga kitambaa kichwani, nimeweka kigoda cha mgeni karibu na kitanda. Adhuhuri imepita, hakuna aliyebisha. Ndipo nikagundua: habari za ugonjwa wangu hazina wa kuzipeleka. Nikitoka kuwaambia, nimepona.

Basi nikasogeza kitanda hadi penye dirisha linaloelekea kwake. Nikakohoa. Kikohozi cha mtu wa kuonewa huruma.

Nikatega sikio. Kisha upande wa pili, dirishani kwake, Mwanaasha naye akakohoa.

Nikakaa kitako. Nikakohoa tena, kwa kuvuta. Naye akakohoa kwa kuvuta, akamalizia na mguno. Mguno! Afya yote ile, ananiigizia mguno! Ati yeye ndiye mgonjwa, niende mie nikamjulie hali!

Kumbe hanijui. Nimekunywa maji, nimefungua dirisha lote. Nitakohoa hadi magharibi.